Moto Uliolazwa Ndani ya Mafuta ya Taa

Najua wengi wenu mkilifungua jarida hili huanza na mashairi, kisha vichekesho, kisha mnatafuta kama jina lenu limetajwa mahali. Nilipompa mhariri wetu kichwa cha makala haya alinitazama kana kwamba nimemletea hesabu ya logi. "Kemia na Chama cha Kiswahili, wapi na wapi?" akaniuliza. Nikamjibu kwamba kitu kinachoweza kuichoma shule hakina budi kuelezwa kwa lugha ambayo kila mtu shuleni anaielewa, tangu mwalimu mkuu hadi mpishi wa githeri na bawabu. Onyo lililokuwa limebandikwa kwenye mlango wa stoo ya maabara liliandikwa kwa Kiingereza. Bawabu wetu, ambaye ndiye hubaki na funguo usiku kucha, alikuwa akilipita kila siku kama mtu anayepita kalenda ya mwaka juzi.

Kitu chenyewe ni sodiamu. Ni metali, lakini usidhani ni kama jembe au sufuria. Ni laini. Kisu cha kawaida huikata kama siagi iliyolala nje asubuhi ya Julai, na pale kisu kilipopita pang'ae kama fedha, mara pafifie na kuwa kijivu mbele ya macho yako. Hapo ndipo hewa imeshaanza kuila. Ukiiacha mezani itageuka ukoko mweupe. Ukiidondosha majini, utajua hujui. Kwa sababu hiyo haikai wazi hata siku moja. Hulazwa ndani ya chupa ya kahawia yenye mdomo mpana, imezamishwa ndani ya mafuta ya taa.

Ndiyo, mafuta ya taa, yale yale ya kandili na stovu.

Mimi nimelelewa na mafuta hayo. Mama ana kibanda hapa Section 58, na kando ya sukuma wiki, mkate na sabuni kuna pipa lenye pampu ya mkono. Tangu ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita uwekwe mwaka 2018, eti kuwakomesha wanaochanganya mafuta ya taa na dizeli, wateja wamepungua, na wengi wamehamia gesi ya mitungi. Hata hivyo bado wapo wanaokuja jioni na chupa ya soda kununua ya kupikia siku moja. Tangu utotoni nimeimbiwa wimbo mmoja: usiyasogeze karibu na jiko, usiyasogeze karibu na mshumaa, ukimwaga pangusa. Basi nilipomweleza Mama kuhusu ile chupa ya maabara aliacha kufunga sukuma akanikazia macho.

"Ngoja kwanza. Yaani kitu kinachowaka kinawekwa ndani ya kitu kinachowaka, ndio kisiwake?"

"Ndio, Mama."

"Hao wamewachezea."

Hawakutuchezea. Kila atomu ya sodiamu ina elektroni moja ya nje ambayo inaibeba kama mzigo wa mtu mwingine, inatafuta tu wa kumtwika. Oksijeni ya hewani iko tayari kuupokea. Maji yako tayari zaidi. Mafuta ya taa, kwa upande wake, ni kaboni na haidrojeni zilizoshikana zikatosheka. Sodiamu ikibisha hodi hakuna anayefungua. Tena sodiamu ina uzito wa karibu gramu 0.97 kwa kila sentimita moja ya ujazo na mafuta ya taa ni karibu gramu 0.8, kwa hivyo sodiamu huzama na mafuta huifunika gubigubi, hewa isipate njia.

Kuna jambo moja ambalo Mama alilijua kabla ya kitabu chochote cha kemia kunifundisha. Yeye hauzi kamwe mafuta ya chini kabisa ya pipa. Maji ni mazito kuliko mafuta ya taa, na yakiingia hata kikombe kimoja hukaa chini, na mteja atakayeyanunua atarudi analalama kwamba stovu inakohoa. Sasa chini kabisa ndiko inakolala sodiamu. Ukijaza chupa ya maabara kwa mafuta yaliyotoka kwenye jerikeni iliyooshwa ikakaushwa ovyo, umemwekea mgonjwa sumu chini ya mto. Nilipomwambia hivyo Mama alicheka, akasema sasa ameamini.

Tuliiona sodiamu ikifanya kazi yake mwaka jana tukiwa Kidato cha Pili. Mwalimu alituamuru turudi nyuma hadi mstari wa tatu wa viti, akavaa miwani ya kinga, akaitoa kwa koleo, akakata kipande kisichozidi punje ya ndengu juu ya kigae kikavu, akakipangusa mafuta kwa karatasi ya chujio, na kile kilichobaki akakirudisha chupani papo hapo na kufunga. Kwenye beseni kulikuwa na maji na matone machache ya fenolfthalini. Kile kipande kilipogusa maji kilijikunja kuwa mpira unaong'aa, kikaanza kukimbia huku na huko juu ya maji kikizomea kama mafuta ya mandazi, na kila kilikopita maji yakawa ya waridi. Darasa zima lilipiga makofi. Sodiamu inaponyang'anyana na maji hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo huwaka, na joto jingi, ambalo huiwasha, na kinachobaki majini ni kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, inayounguza ngozi na kupofusha macho. Hiyo ilikuwa punje ya ndengu tu. Kwenye stoo mna mabonge.

Katika kila shule utakuta hadithi ya kijana fulani aliyeiba kipande akakitia kwenye karatasi, akakiweka mfukoni, akaenda kukitupa chooni ili wenzake wamwone shujaa. Mimi huuliza swali moja tu: huyo shujaa alikuwa ametoa jasho au hakutoa? Mfuko wa suruali ya mwanafunzi aliyetoka kukimbia mbio za darasa kwa darasa una maji ya kutosha.

Ajabu ni kwamba sisi wa Nakuru tumezungukwa na sodiamu. Ziwa letu limejaa chumvi za magadi, yaani sodiamu iliyokwisha kuutua ule mzigo wake na kushikana na kaboni na oksijeni. Ndivyo yalivyo pia maziwa ya Elementaita na Bogoria, na huko kusini Ziwa Magadi, ambako kampuni imekuwa ikichimba magadi tangu mwaka 1911. Nyanya zetu huyatia magadi kwenye githeri ili mahindi yaive upesi. Heroe wamekula mwani wa maji hayo miaka na mikaka bila kuungua hata unyoya. Sodiamu iliyoolewa ni mpole. Ile iliyotenganishwa kwa nguvu ndiyo yenye hasira.

Aliyeitenganisha kwanza ni Mwingereza Humphry Davy, mjini London, mwaka 1807. Alipitisha umeme katika potashi iliyoyeyushwa akapata potasiamu, na siku chache baadaye akafanya vivyo hivyo kwa kostiki soda akapata sodiamu. Husimuliwa kwamba alipoona vitone vya kwanza vya potasiamu vikitokeza na kuwaka alirukaruka chumbani kwa furaha. Mimi kinachonivutia ni kazi iliyofuata, isiyo na makofi: alikuwa na kitu ambacho hakikuwahi kuwepo mkononi mwa binadamu yeyote, na hakuwa na pa kukiweka. Hewani kiliharibika, majini kiliwaka. Hatimaye aligundua kwamba ndani ya naftha, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa, kilitulia. Kwa hiyo ile chupa yetu ya kahawia ina ukoo wa zaidi ya miaka 200.

Wakubwa nao wamewahi kushindwa la kufanya nacho. Mwaka 1947, baada ya Vita Vikuu vya Pili, serikali ya Marekani ilijikuta na sodiamu ya ziada, karibu tani tisa, ndani ya mapipa. Iliyapeleka kwenye Ziwa Lenore katika jimbo la Washington na kuyasukumia humo, na filamu ikapigwa. Ukiitazama utaona minara ya maji na moshi ikipanda kama Menengai imeamka. Ziwa hilo lilichaguliwa kwa kuwa tayari lilikuwa ziwa la magadi, ndugu wa hili letu. Nilipoisoma habari hiyo niliwawazia heroe. Siku hizi wenyewe wana shida za kutosha, maana tangu mwaka 2010 maji ya Ziwa Nakuru yamepanda, magadi yakazimuliwa, wengi wao wakahamia kwingine, na watu wa Mwariki na Barut wakapoteza mashamba na nyumba. Hakuna mtu leo anayeruhusiwa kufanya kama kule Lenore, na ni vyema.

Sasa, sodiamu ina ndugu, na kila mmoja ana tabia zake. Lithiamu ni nyepesi mno, karibu gramu 0.53, kwa hivyo ukiitia kwenye mafuta ya taa itaelea kama kumbi la hindi na kichwa chake kitabaki hewani. Hiyo hupakwa mafuta mazito ya mgando au nta, kisha hufungiwa. Rubidi na sizi hatutaziona shule hii, nazo hukaa ndani ya mirija ya kioo iliyozibwa kwa moto, isiyo na hewa hata chembe. Magnesiamu na kalisiamu ni wastaarabu kidogo, zinataka tu mkebe mkavu uliofungwa vizuri.

Wa kuogopwa kweli ni potasiamu. Sodiamu ikikaa vibaya hupata ukoko mweupe na kupungua thamani. Potasiamu ikikaa vibaya kwa miaka, hata ndani ya mafuta, hewa kidogo inayopenya humfanyia ukoko wa manjano, na ukoko huo ni ghala la oksijeni. Siku utakayokuja na kisu kuukata, utausukuma ndani ya metali safi ukiwa umeloa mafuta, na hapo una moto, kinachoungua na hewa yake katika mahali pamoja. Unaweza kulipuka mkononi. Kwa hiyo chupa ya potasiamu huandikwa tarehe iliponunuliwa na tarehe ilipofunguliwa, na ikishaonyesha manjano haikatwi wala haifunguliwi na mtu wa kawaida. Anaitwa mtaalamu wa kuiharibu. Kwa bahati stoo yetu haina potasiamu. Nilihakikisha.

Na sasa nije nyumbani, kwenye stoo yenyewe, maana wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tulikuwa na mzee wa maabara aliyeifanya kazi hiyo tangu kabla ya mimi kuzaliwa. Alistaafu. Bado hajapatikana mwingine, na walimu wa sayansi wamegawana kazi zake pamoja na vipindi vyao ambavyo tayari vinawaelemea. Simlaumu yeyote. Lakini ipo kazi moja ambayo haikuandikwa popote kwa sababu yule mzee aliifanya kimyakimya: kila wiki alikuwa akiinua ile chupa, akaitazama dhidi ya mwanga, na mafuta yakiwa yamepungua akaongeza. Mafuta ya taa huenda. Kizibo kikilegea kidogo hupotea hewani kama umande. Alipoondoka, aliondoka na lile jicho.

Mwezi wa Aprili, mvua ya masika ikiwa imeshika, mimi na mwenzangu ninayeketi naye dawati moja tulitumwa stoo kuchukua bureti. Tulisikia ti, ti, ti. Bati lilikuwa linavuja, na tone lilikuwa linaanguka juu ya rafu ya juu, kama shubiri mbili kutoka kwenye chupa ya kahawia. Niliinua shingo nikaona jambo lililonifanya nisahau bureti: bonge la juu lilikuwa limetokeza nje ya mafuta, na kichwa chake kilikuwa kimevaa ukoko mweupe kama mvi.

"Twende tumwage hiyo kitu nje kabla haijatulipua," mwenzangu akasema, na tayari alikuwa amenyoosha mkono.

"Nje kuna nini?"

Akachungulia dirishani. Nje kulikuwa na dimbwi.

Tulifunga mlango tukamwita mwalimu. Alikuja na glavu na miwani, akaihamisha chupa hadi meza kavu, akaongeza mafuta safi hadi vidole viwili juu ya mabonge, akaiweka ndani ya mkebe wa bati uliotandikwa mchanga mkavu, na mkebe ukaingia kabati la chini lenye kufuli, mbali na sinki na mbali na asidi. Chupa isiyokaa juu haiwezi kuanguka kutoka juu. Ilichukua dakika 10 hivi. Nilitaka kujua kwa nini isiharibiwe yote siku hiyo hiyo, naye akanieleza kwamba huharibiwa punje kwa punje kwenye spiriti isiyo na maji, taratibu, na mtu anayejua, mahali penye hewa. Si kazi ya kufanywa kwa hofu. Ukiikosea subira, ndio utakuwa umeifanya ile ajali uliyokuwa unaikimbia.

Baadaye palizuka mjadala hadi chumba cha walimu. Wako waliosema shule iachane kabisa na sodiamu, wanafunzi waonyeshwe video. Mimi siungi mkono. Video haina harufu wala sauti ya kuzomea, na yule anayeijua hatari kwa picha tu ndiye baadaye hunyoosha mkono kama mwenzangu. Ila nakubali kwamba shule ya kutwa haina haja ya chupa nzima. Mabonge mawili yanatosha madarasa yote kwa mwaka.

Tulikagua pia vitu vya kuzimia moto. Mitungi miwili myekundu tuliyo nayo, mmoja ni wa maji na mwingine wa kaboni dayoksaidi, na yote miwili haifai: sodiamu inayowaka hulishwa na maji, na hata ile gesi huila. Dawa yake ni mchanga mkavu au chumvi kavu, ifunikwe kabisa ikose hewa. Ndoo ya mchanga tuliikuta barazani. Ilikuwa na maganda ya machungwa, karatasi za biskuti, na maji ya mvua ya wiki mbili. Mchanga wa namna hiyo ni maji yaliyovaa kanzu.

Na hapo ndipo nilipomkumbuka bawabu. Mchana tuko wengi, mwalimu yuko. Je, saa nane za usiku? Nilimfuata langoni siku moja baada ya masomo.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Ukiona moshi kwenye stoo ya maabara usiku utafanya nini?"

Alinishangaa. "Si nitachota maji kwenye tangi! Tena ndoo ziko hapa karibu."

Hakukosea. Mtu yeyote mwenye akili timamu huzima moto kwa maji. Ile karatasi ya Kiingereza ndiyo iliyokosea mlango.

Basi kazi ya kuandika onyo jipya ikaangukia Chama cha Kiswahili, na ndugu zangu, tulibishana vipindi viwili. Mmoja alitaka "metali zenye utendanaji mkali". Tukamuuliza ni nani atakayelala salama kwa maneno hayo. Mwingine alileta "Hatari!" peke yake yenye fuvu, kama ile ya nguzo za umeme. Mwishowe tuliandika: USIMWAGE MAJI HUMU. Tukampelekea bawabu aisome kabla hatujaipaka rangi. Akaisoma pole pole, akakuna kidevu.

"Sawa. Nisimwage maji. Basi nimwage nini?"

Hatukuwa tumefikiria hilo. Tulirudi tukaongeza mstari wa pili, na mlango sasa unasomeka hivi, kwa herufi nyekundu ambazo hata tochi ndogo inazionyesha: USIMWAGE MAJI HUMU. TUMIA MCHANGA MKAVU ULIO KWENYE NDOO YA BULUU. MOTO UKIKUSHINDA, ONDOKA, FUNGA MLANGO, PIGA SIMU ZIMAMOTO. Chini yake tumeandika nambari. Ndoo ya buluu ina mfuniko, na imewekwa nje ya mlango, chini ya kibaraza, kwa kuwa bawabu mwenyewe alituuliza mchanga ulio ndani utamsaidia vipi kama moto pia uko ndani.

Bati bado linavuja, ingawa mahali pengine. Tumeambiwa fundi atakuja likizoni. Daftari la ukaguzi limefungwa kwa kamba kwenye kabati: tarehe, kimo cha mafuta, hali ya kizibo, hali ya mchanga, sahihi. Mwalimu hufungua, mwanafunzi mmoja huandika. Mafuta hutoka kwa Mama, ya katikati ya pipa, kwenye chupa ya kioo iliyokaushwa juani, naye amekataa kulipwa mara mbili sasa. Muhula huu kuna sahihi tisa. Likizo ya Desemba ni ndefu, na kwenye safu ya wiki zake bawabu ameomba aandikwe yeye, mwalimu akiwa hayupo, aangalie ndoo na dari kupitia dirishani. Ameshajifunza pia kuitazama chupa mwalimu anapoifungua. Ijumaa iliyopita alituambia imepungua kwa upana wa kidole kimoja, nasi tulipopima tukakuta ni hivyo hivyo.